Mama Mfini Aliyechora Magofu

Mwaka 2011, nikiwa na miaka arobaini na nne, ndovu walituvunjia nyumba. Shamba walikuwa wameshalimaliza misimu iliyotangulia, mahindi na mbaazi, hata muhogo waliung'oa. Safari hii walisukuma ukuta wa jikoni wakitafuta gunia letu la mwisho, na wakalipata. Mimi ni Mtaita wa tambarare, kule tunakopakana na mbuga. Nilisoma hadi darasa la nne, baba akanipeleka kukata mkonge, na kutoka kwenye mkonge nikajifunza kuendesha lori kwa kukaa kando ya dereva na kumtazama miguu. Hakuna aliyenishika mkono. Basi asubuhi ile mke wangu alisimama katikati ya matofali, akajifunga leso upya kiunoni, akaniambia, "Baba watoto, hapa hatutajenga kwa mbaazi. Mimi naenda Saudia."

Wakati huo maajenti walikuwa wakizunguka hadi vijijini wakitafuta watu. Wanawake walichukuliwa haraka, madereva walisubiri. Yeye akapelekwa Jeddah, kwenye nyumba ya watu wenye uwezo mtaa wa Al-Rawdah. Miezi ikapita, ajenti akaniita.

"Mzee, kuna nafasi ya udereva Riyadh. Unaitaka?"

"Riyadh ni Saudia hiyohiyo aliko mke wangu?"

"Hiyohiyo."

"Basi weka jina langu."

Kosa hili tulilifanya wengi, mume na mke wa Kenya. Tulidhani mkiwa nchi moja mko pamoja. Kichwani mwangu Riyadh na Jeddah zilikuwa kama Voi na Mwatate, unatoka kanisani unafika kwa chakula cha mchana. Hakuna aliyetuambia ni safari ya kutoka Mombasa hadi mpaka wa Uganda. Wala hakuna aliyetuambia kwamba hata kama ingekuwa mlango kwa mlango, miguu ya mfanyakazi wa ndani ni ya madam wake. Nilijua hayo nikiwa tayari nimeshika ikama, kibali cha kuishi kule, mkononi.

Kafili wangu, yaani bosi aliyenidhamini, alikuwa mfanyabiashara wa marumaru, mtu mzima, mkali wa maneno lakini si mbaya. Nilipeleka watoto wake shule, nikampeleka mkewe madukani, nikaosha magari. Ijumaa nilikuwa huru. Nilikwenda Batha, kule wageni wote wa Riyadh hukutana, nikasimama kwenye kivuli cha duka moja la simu na kumpigia mke wangu. Madam wake alimpa simu siku hiyo tu, tena kwa muda mfupi.

"Uko salama, mama watoto?"

"Niko salama."

"Unakula?"

"Nakula mpaka nimenenepa. Ukiniona hutanijua."

Alikuwa mtu wa mzaha tangu usichana wake. Mwaka wa pili sauti yake ikaanza kukwaruza. Nikamwuliza. Akasema ni ubaridi wa mashine za hewa, nyumba nzima ni kama friji, madam anapenda hivyo. Nikaamini. Nani hajalalamikia mashine za hewa kule?

Tulikuwa na neno moja kila Ijumaa: tutaonana lini. Nilimwomba bosi ruhusa ya kwenda Jeddah. Akasema gari haliendi Jeddah bila kazi, na mimi siendi bila gari. Nikamwomba tena baada ya Ramadhani. Akasema, "Halas, nimesikia." Maana yake nisirudie.

Ndipo akaja yule mama Mfini.

Alikuwa mama wa miaka sabini hivi, mwembamba, nywele nyeupe kama pamba, anatoka kaskazini kabisa ya Ulaya, kwenye theluji. Kazi yake ni kuchora magofu. Hakuchora kitu kingine. Alikuwa amezunguka nchi nyingi akichora nyumba zilizoanguka, na bosi wangu alimwona mahali akamwalika, kwa sababu nje ya Riyadh kuna kijiji cha kale cha udongo ambacho watu wa ukoo wake waliishi karne na karne kabla ya mafuta. Kilibaki kuta, mnara uliopasuka na kisima kikavu. Wakati ule mwanamke hakuruhusiwa kuendesha gari, awe Mzungu awe nani, kwa hiyo nikapewa mimi nimwendeshe.

Siku ya kwanza nilimwita madam. Akakataa.

"Mimi si madam wa mtu."

"Basi nitakuita mama."

"Na wewe nikuite nani?"

"Nyumbani wananiita mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo akawa ananiita mzee, yeye ambaye angeweza kunizaa. Tulizungumza Kiingereza, changu kibovu, chake cha polepole, na tulielewana kuliko wenye Kiingereza kizuri.

Kazi yake ilikuwa hivi. Alikaa kwenye kiti cha kukunja, baibui jeusi mpaka chini, kofia ya majani juu ya kitambaa, na penseli. Kamera hakuwa nayo. Aliutazama ukuta muda mrefu mpaka mimi nikasinzia, halafu akachora kipande kidogo, akatazama tena. Nyufa zote alizitia. Shimo la ndege, alama ya moshi, ubua uliochomoza kwenye udongo, vyote. Akimaliza kwa penseli alipitisha wino. Na kila mchoro alitaka mtu asimame kando ya ukuta ili anayetazama ajue ukuta ulivyo mrefu. Mtu huyo nilikuwa mimi.

"Mzee, simama pale kwenye ule mlango."

"Jua kali, mama."

"Ukuta umesimama hapo miaka mingapi na haulalamiki."

Nikasimama. Akinionyesha baadaye, najiona kitu kidogo, kichwa kama punje ya mbaazi, uso hakuna. Nikamwambia, "Mama, ukuta umeuchorea mpaka chunusi, mimi hata pua sina." Akasema uso si kazi yake. Mimi nina majivuno yangu, sikupenda. Nikafanya makosa ya kuwasimulia madereva wenzangu Batha. Ijumaa iliyofuata wakanipokea kwa kelele.

"Mzee wa ukuta amefika!"

"Mpisheni rula!"

"Mzee, ukifa tutakuzika na futi kamba!"

Nikawaambia wao wanabeba mizigo ya madam kutoka madukani, mimi nabeba historia. Wakacheka zaidi.

Jambo moja nililiona kule kijijini na nikaliweka moyoni. Bosi alikuja kutazama. Alipoona mchoro wa nyumba ya babu yake akakunja uso. Mnara haukuwa na kichwa, ukuta wa mbele ulikuwa umelala chini nusu.

"Hii si nyumba ya babu yangu," akasema. "Babu yangu alikuwa na mnara mzima. Malizia juu. Weka na mlango."

"Sikuuona huo mnara mzima," yule mama akasema.

"Mimi nakwambia ulikuwepo."

"Naamini. Lakini mimi nachora kilichopo."

Bosi alitutazama wote wawili kana kwamba mimi ndiye niliyebomoa mnara. Akaondoka bila kunywa kahawa yake. Nilidhani mama wa watu atafukuzwa. Baada ya siku chache bosi akarudi, akasimama mbele ya mchoro uleule, akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akasema uwekewe fremu. Kisha akasema kuna rafiki zake Jeddah ambao nyumba zao za zamani za mawe ya matumbawe zinaanguka mjini kule, mama akazichore kabla hazijaisha. Dereva ni yuleyule.

Sijawahi kufurahi vile. Niliendesha siku nzima na sikuhisi mgongo. Mama alikaa nyuma akitazama jangwa, nami nikamsimulia habari za mke wangu: jinsi anavyotania, jinsi alivyo mnene wa mikono, jinsi alivyomfukuza ndovu kwa sufuria na mwiko. Akaniuliza, "Hamjaonana tangu mje?" Nikasema, hapana, lakini sasa tutaonana.

Jeddah yeye alilala hotelini, mimi nikapata godoro Al-Mahjar, kusini, chumbani kwa mlinzi mmoja wa kwetu Kenya. Siku ya pili alasiri, mama akiwa amepumzika, nikanyoa ndevu, nikavaa shati jeupe, nikaenda Al-Rawdah. Nyumba ilikuwa na ukuta mrefu na bougainvillea. Bawabu alikuwa mtu mzima kutoka Misri.

"Namtaka mfanyakazi Mkenya. Mimi ni mume wake."

"Ngoja." Akaingia. Akarudi. "Mafi."

"Mafi nini? Hayupo?"

"Yupo. Madam anasema hapana. Mwanamume mgeni hasimami langoni kwake."

"Mgeni gani? Nimekwambia ni mke wangu wa kanisani!"

Akainua mikono. "Mzee, mimi ni mlango tu. Ukitaka kugombana, gombana na nyumba."

Nikavuka barabara nikasimama kwenye kivuli cha ukuta wa jirani mpaka adhana ya magharibi. Nilijua kusimama, nilikuwa nimefundishwa. Madirisha yote yalikuwa na pazia. Nikarudi kesho yake na keshokutwa yake. Jibu lilikuwa hilohilo. Ijumaa nilipompigia nikamwambia nilikuwa mita chache kutoka alipo. Akasema, "Usije tena, baba watoto. Watanikasirikia." Nikaona ajabu. Mke wangu si mtu wa kuogopa kukasirikiwa.

Mama Mfini alikuwa akichora nyumba moja ya kale ya ghorofa nne, roshani za mbao zimening'inia kama meno yanayotaka kung'oka. Nilisimama pale aliponielekeza, lakini akaweka penseli chini.

"Mzee, leo umesimama vibaya. Una nini?"

Nikamwambia. Akafikiri. Akasema, "Mimi ni mwanamke. Na nywele zangu ni nyeupe. Hakuna mlango unaofungwa mbele ya bibi kizee." Akaulizia kwa wale rafiki wa bosi, tukaambiwa kwamba familia ya yule madam nao walikuwa na nyumba yao ya ukoo pale mjini kale, imebaki ngazi na upande mmoja wa ukuta. Mama akaenda akaichora siku nzima. Siku iliyofuata tukaenda Al-Rawdah, yeye na mchoro wake umefungwa kwenye khanga niliyomnunulia binti yangu. Bawabu akafungua lango wazi. Mimi nikabaki garini.

Alikaa ndani muda mrefu. Baadaye alinieleza yote. Madam aliupokea mchoro kwa machozi, akaleta tende na kahawa, akaita dada zake. Aliyeleta kahawa alikuwa mke wangu. Mama akaomba amchore. Wakacheka wote: mtumishi wa nini, chora watoto! Akasema watoto hawatulii. Wakamruhusu jikoni.

Alipotoka aliingia garini, hakufunga mkanda. Akanipa karatasi.

Nikatazama. Nikamwambia, "Huyu si yeye."

Nikaigeuzia karatasi kwenye mwanga.

"Mama, umekosea mtu. Kuna wafanyakazi wawili humo. Huyu ni mgonjwa. Mke wangu ni mnene." Hapo nikapandwa na hasira. "Umezoea magofu! Hujui kuchora mtu! Umemfanya mke wangu gofu!"

Bawabu aligeuka kututazama. Yule mama akasema polepole, "Mzee, umesimama kando ya kuta zangu mwaka mzima. Uliniona nikiongeza ufa hata mmoja?"

Nikatazama tena. Juu ya nyusi ya kushoto palikuwa na kovu dogo la kuni, aliumia akiwa msichana kwao. Kovu hilo mama Mfini hangelijua. Lilikuwepo. Chini ya kovu mashavu yalikuwa yameingia ndani. Mifupa ya mabega ilionekana juu ya gauni. Na shingoni, upande wa kulia, kitambaa kilikuwa kimeinuliwa na kitu kama yai, mchoraji akakifuata kwa penseli mstari juu ya mstari, jinsi alivyokuwa akifuata udongo unaotaka kubomoka. Macho tu ndiyo yalikuwa yake kabisa. Yalikuwa yanacheka, yananiambia nisipige kelele.

Simu inaweza kusema nimenenepa. Karatasi ile haikuweza.

Ijumaa nikapiga.

"Mama watoto, shingo yako ina nini?"

"Ni ubaridi tu."

"Nimekuona."

"Yule bibi," akasema. "Nilijua. Alinitazama kama daktari." Halafu akacheka kidogo, sauti yake mbovu ile. "Amenitoa vizuri lakini?"

"Usinitanie."

"Nilitaka nimalize mkataba turudi na mabati. Nikikwambia ungekuja kuvunja lango. Nakujua."

"Ningelivunja."

"Ndiyo maana sikusema."

Nilimpigia bosi simu Riyadh. Sijawahi kumlilia mtu mweupe wala mweusi, wala siku ile sikulia. Nilimwambia: yule mama ameona kwa macho yake, muulize yeye, hachori kisichokuwepo. Bosi akasema, "Nipe namba ya mwenye nyumba." Wazee wawili wakazungumza. Nyumba ile nayo, nisiseme uongo, haikuwa imejua. Alijifunika vitambaa, alikohoa bafuni, alifanya kazi. Walimpeleka hospitali, daktari akasema jambo la shingo limeshuka hadi kifuani. Wakakubali kutoa karatasi ya kutoka nchini. Mimi sikupewa. Mkataba wangu ulikuwa haujaisha, na bosi huruma yake ilifika pale ikaishia pale.

Lakini niliruhusiwa kumpeleka uwanja wa ndege, mradi yule mama awe garini. Ndiyo safari pekee niliyosafiri na mke wangu katika nchi ile, kutoka Al-Rawdah hadi uwanja wa ndege wa Jeddah, alasiri. Alikaa nyuma pamoja na mama Mfini, mimi mbele. Nilimwona kwenye kioo.

"Baba watoto, umekuwa na kipara."

"Na wewe umekuwa na maneno."

"Unaendesha polepole hivi kwa nini? Nitachelewa ndege."

"Nyamaza."

Hakunyamaza. Alizungumza njia nzima kwa sauti ile ya mchanga, juu ya watoto, juu ya mabati, kwamba rangi iwe kijani, kwamba jiko lihamishiwe upande wa barabara. Mama Mfini alimshika mkono na hakuelewa neno. Uwanjani walinikataza kuvuka mstari. Alinigeukia, akajifunga leso kiunoni vile anavyofanya akitaka kuanza kazi, akaingia.

Alikufa nyumbani kabla ya mvua za vuli. Mimi nilikuwa nimerudi kwenye kile kijiji cha udongo nje ya Riyadh, nimesimama kando ya mnara. Mama Mfini alikuwa karibu kumaliza, akaniona nimeshika simu, akafunga karatasi zake bila kuniuliza. Mke wangu walinizikia watu wengine. Kwenye mazishi waliweka picha ya arusi, ile ya mashavu manene. Niliporudi mwaka 2015 na mchoro, dada zake waliutazama wakasema huyu si yeye, mwondoe, ni kumvunjia heshima marehemu. Nikagombana nao mbele ya mchungaji. Niliwaambia hivi: huyu ndiye yeye, na nyinyi mnamtaka yule asiyeumwa. Mimi niliyekuwa mume wake nilimwona mara moja tu alivyokuwa kweli, na aliyenionyesha ni bibi kizee wa nchi ya theluji. Hatujapatana sawasawa mpaka leo. Mchoro uko Mombasa kwa binti yangu mkubwa, ameuweka chumbani kwake. Nikienda huko naupita bila kuutazama, kisha narudi kuutazama.

Wako watu wanaoniuliza nilipata nini Saudia. Huwa wanategemea nitasifu au nitalaani. Mimi nawajibu kwa vitu nilivyo navyo, kwa kuwa vitu havina maneno mengi.

Nina nyumba ya matofali ya vyumba vinne, mabati ya kijani, jiko liko upande wa barabara. Ekari tatu, mbili zimelimwa. Tangi la maji. Pikapu kuukuu inayowaka ukiisukuma. Mbuzi kumi na moja na ng'ombe wa maziwa mmoja. Duka dogo la vipuri pale stendi, ninalifungua mwenyewe. Vitanda vitatu, meza, viti sita. Cherehani ya marehemu, haitumiki. Watoto wanne, wote wamesoma kunipita. Suti mbili. Redio.